Kwanza Alama, Kisha Mashine: Mhadhara kwa Wanaoanza Kuchora Metali kwa Leza



Karibu kila mtu anayetaka kuingia katika kazi ya kuchora metali kwa leza huja na swali moja: ninunue mashine ya wati ngapi? Namwelewa. Anakaribia kutoa akiba yake, pengine na mkopo juu yake, na anataka kujua atarudi nyumbani na nini. Hata hivyo ninamwomba aliweke swali hilo pembeni kwa muda, kwa sababu lipo jingine linalolitangulia: alama unayotaka kuiweka itapitia nini maishani mwake? Itasuguliwa na vidole kila siku, au itakaa kabatini? Itachemshwa? Itasomwa na jicho la mtu au na kamera? Je, yupo mtu atakayetaka kuifuta? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochagua aina ya mwanga, na mwanga ndio unaochagua mashine. Wati huja mwisho.

Chukueni vitu vitatu. Cha kwanza ni beringi ya gurudumu la pikipiki. Ubavuni mwake kuna namba, na kazi ya namba hiyo ni moja tu: muuza spea aisome na mnunuzi aihakikishe. Beringi ikishagongwa mahali pake, hakuna atakayeisoma tena mpaka siku ya kung'olewa. Alama ya namna hii haihitaji kina. Inahitaji kusomeka, na inahitaji isiinue ukingo wowote wa metali, maana hapo vyuma vinakaa kwa kubanana na hata ukingo mdogo sana ni usumbufu.

Cha pili ni mkasi wa daktari wa upasuaji. Nchini Marekani, kanuni iliyotolewa mwaka 2013 inataka vifaa vya tiba viwe na utambulisho wa kipekee, na vile vinavyosafishwa na kutumiwa tena viwe na alama hiyo juu ya kifaa chenyewe. Mkasi huo utaingia katika mvuke wa moto mara nyingi mno. Ukiuchimba mfereji, umetengeneza mahali pa damu na vijidudu kujificha. Kwa hiyo hapa hatuchimbi. Tunakipasha chuma joto kwa mwale mpaka ngozi yake igeuke rangi, na uso unabaki laini kama ulivyokuwa. Lakini joto hilohilo lina madhara yake. Chuma kisichoshika kutu, ambacho madukani tunakiita stenlesi, kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na ni kromiamu hiyo inayojijengea utando mwembamba wa oksidi na kukilinda. Joto likizidi, mpangilio wa kromiamu chini ya alama huvurugika, na baada ya kuchemshwa mara kadhaa herufi zako huanza kutoa kutu ya rangi ya chungwa. Ndiyo maana karakana zinazotengeneza vifaa hivyo huvichovya katika asidi ya sitriki au ya nitriki baada ya kuvichora, ili utando ujijenge upya. Mwanafunzi anayejua mashine tu atauona mkasi umependeza, ataukabidhi na kupokea pesa yake. Anayejua maisha ya alama atauliza kwanza mkasi unakwenda wapi.

Cha tatu ni bunduki, na hapa yupo mtu anayetamani kuifuta namba. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi inazitaka nchi za ukanda wetu zitie alama silaha ili zifuatiliwe zinapopotea. Kanuni za Marekani zinaenda mpaka kwenye kipimo: namba ya bunduki ichimbwe kwa kina kisichopungua inchi 0.003, yaani milimita 0.076. Alama ya rangi tupu ingeondoka kwa msasa. Lakini hata kina si neno la mwisho. Namba iliyogongwa kwa nyundo na muhuri wa chuma huacha msongo ndani ya metali, chini kabisa ya herufi, kiasi kwamba hata ikipigwa tupa mpaka uso uwe sawa, mtaalamu wa maabara anaweza kuifufua kwa asidi. Leza huiondoa metali bila kuigandamiza, kwa hiyo namba yake ikishasagwa yote ni vigumu zaidi kuirudisha. Nayasema haya kwa makusudi mbele ya watu waliokuja kujifunza leza: zipo kazi ambazo muhuri na nyundo vinaifaa jamii kuliko kifaa chetu, na fundi mzuri anazijua.

Sasa tuutazame mwanga wenyewe. Nadharia iliyouzaa iliandikwa na Albert Einstein mwaka 1917, na leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, California, kwa kijiti cha yakuti nyekundu iliyotengenezwa maabara. Miaka ile watafiti walikuwa wakilinganisha nguvu za leza zao kwa idadi ya nyembe za Gillette ambazo mwale mmoja uliweza kuzitoboa, kwa hiyo metali ilikuwa shabaha tangu mwanzo. Mwanga wa leza una rangi moja na mawimbi yake hutembea kwa mpangilio mmoja, ndiyo maana lenzi inaweza kuukusanya mpaka nukta yenye upana wa takriban milimita 0.05. Nguvu ndogo ikikusanywa mahali padogo namna hiyo huwa kali.

Tatizo ni kwamba metali hupenda kuurudisha mwanga ulikotoka. Kioo cha kujitazamia kinafanya kazi kwa sababu nyuma yake kuna utando wa fedha au alumini. Kwa hiyo jambo la kuuliza ni kiasi gani cha mwanga kinazama ndani, na jibu hubadilika kulingana na urefu wa wimbi. Mashine nyingi tunazokutana nazo sokoni ni za aina tatu. Leza ya kaboni dioksidi, iliyobuniwa na Kumar Patel mwaka 1964, hutoa wimbi la nanomita 10,600. Leza ya faiba, ambayo mwanga wake huzaliwa ndani ya uzi wa kioo uliotiwa madini ya iterbiamu, hutoa nanomita 1,064. Leza ya dayodi ya buluu hutoa nanomita 450 hivi. Chuma kitupu hunyonya takriban theluthi ya mwanga wa faiba, lakini mwanga wa kaboni dioksidi hunyonya chini ya sehemu moja ya kumi. Shaba nyekundu hurudisha zaidi ya asilimia 95 ya mwanga wa aina zote hizo mbili, ilhali mwanga wa buluu hunyonya karibu nusu yake. Hii ndiyo sababu mashine ya kaboni dioksidi ya wati 60, inayokata mbao na mpira wa mihuri bila shida, inaweza kupita juu ya kijiko cha stenlesi isiache alama ya maana, na mashine ya faiba ya wati 20 ikakichimba kijiko hichohicho.

Wenye mashine za kaboni dioksidi wana njia moja ya kupita. Metali hupakwa rangi maalumu yenye molibdenamu, ikaachwa ikauke, kisha mwale ukapita juu yake. Mahali palipopata joto rangi hushikamana na chuma ikawa nyeusi, na iliyobaki huoshwa kwa maji. Ni njia halali, ninawaheshimu wanaoitumia, ila kila kazi inakula rangi na muda, na alama inakaa juu ya metali badala ya kuwa ndani yake.

Ningependa mnifuate katika hesabu moja ndogo, kwa sababu bila hesabu hii vipimo vya mashine hubaki kuwa uganga. Leza ya faiba ya kuchorea haimwagi mwanga mfululizo. Inatoa mapigo. Tuseme mashine ni ya wati 20 na tumeiweka itoe mapigo 20,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 20. Gawanya: kila pigo limebeba milijuli 1. Ni kidogo sana. Lakini pigo hilo hudumu kwa takriban nanosekunde 100, muda ambao mwanga wenyewe husafiri mita 30 tu. Nishati ile ikibanwa katika muda huo, nguvu ya pigo hufika wati 10,000. Kwa muda huo mfupi metali haipati nafasi ya kulisambaza joto, na uso wake huyeyuka na kuwa mvuke hata kama sehemu kubwa ya mwanga ilikataliwa. Ukipandisha mapigo kufikia 80,000 kwa sekunde, wati zilezile 20 zimegawanywa kwa wengi zaidi. Kila pigo ni dhaifu, na badala ya kuchimba unapasha joto. Kumbe kitufe kimoja, bila kugusa wati, kinaweza kuigeuza mashine kutoka patasi kuwa pasi.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwa kilohezi 20, mwale ukikimbia milimita 1,000 kwa sekunde, pigo moja hutua milimita 0.05 kutoka kwa mwenzake. Nukta yetu ina upana huohuo, kwa hiyo mapigo yanagusana bila kupandana. Punguza mwendo uwe milimita 200, na kila mahali patapata mapigo matano. Ndani ya herufi, programu huchora mistari ya kujazia, na nafasi kati ya mstari na mstari lazima ifuate upana wa nukta. Ikizidi, herufi itaonekana kama kitambaa kilichofumwa kwa uzembe. Ikipungua mno, kazi itachukua mara mbili ya muda na chuma kitapinda kwa joto.

Mwale wenyewe huongozwa na vioo viwili vidogo vinavyocheza kwa kasi kubwa, kimoja kwa kulia na kushoto, kingine kwa mbele na nyuma, halafu hupita katika lenzi. Mashine nyingi za kuanzia huja na lenzi yenye fokasi ya milimita 160, yaani umbali inakoukusanya mwale, inayochora eneo la milimita 110 kwa 110. Wauzaji watakushawishi uchukue lenzi kubwa zaidi ili uchore vibao vipana. Kumbuka kwamba lenzi yenye fokasi maradufu hupanua nukta maradufu, eneo la nukta likawa mara nne, na ukali wa mwanga ukabaki robo. Anza na ile ndogo. Jihadhari pia na matangazo ya mashine za dayodi: wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kasha mara nyingine ni za umeme unaoingia, na za mwanga unaotoka ni chache zaidi. Uliza wati za mwanga, na upate jibu kwa maandishi.

Siku ya kwanza usimchoree mtu jina. Tafuta kipande cha stenlesi chenye unene wa milimita 1, kifute kwa spiriti, kisha ukiweke chini ya lenzi na utafute mahali mwale unapokusanyika. Taa mbili nyekundu za mashine zitakusaidia, ila sikio linasaidia zaidi: inua na shusha kichwa polepole huku mwale ukipiga, na pale mlio unapokuwa mkali na mkavu kuliko kwingine ndipo penyewe. Sasa chora gridi ya viboksi vya milimita 5. Kila safu iwe na nguvu yake, kila mstari uwe na mwendo wake, na mashine iandike vipimo hivyo kando ya kila kiboksi. Itazame gridi hiyo ikiwa imepoa. Kwenye pembe ya mwendo mkubwa na nguvu ndogo, chuma kimepauka tu, ukigeuza kibati kwenye mwanga alama inatokea na kupotea. Katikati kuna hudhurungi. Mwendo ukipungua zaidi, hasa kwa kilohezi nyingi na kichwa kikiinuliwa kidogo kutoka mahali pake, unapata weusi laini ambao ukucha hauuhisi. Kwenye pembe ya mwisho, kwa kilohezi chache na mwendo mdogo, ukucha unanasa: hapo umechimba. Kibati kimoja kimekuonyesha tabia nne, na hakuna jedwali la kununua litakalokufaa kama hilo, kwa sababu ni la mashine yako, lenzi yako na umeme wa mtaa wako.

Stenlesi ni mwalimu mpole kwa sababu inasambaza joto vibaya. Shaba nyekundu husafirisha joto takriban mara 25 zaidi yake. Katika stenlesi joto linabaki ulipoliweka, ndiyo maana weusi hutokea kirahisi na ukingo wa herufi unakuwa safi. Rangi nazo hutoka hapohapo. Oksidi inayokua juu ya chuma ina unene wa makumi hadi mamia ya nanomita, na mwanga unaorudi kutoka juu yake hukutana na unaorudi kutoka chini yake, ukatoa dhahabu, zambarau au buluu, kwa kanuni ileile inayotia rangi mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye dimbwi. Hakuna wino wowote hapo. Mashine zinazoruhusu kubadilisha urefu wa pigo, zinazouzwa kwa jina la MOPA, hufanya kazi hii vizuri. Ninawasihi lakini msianze na rangi. Badiliko dogo la joto huibadilisha buluu kuwa kijivu, na mikwaruzo ya matumizi huibambua. Kwa kibao cha ukutani ni nzuri sana. Kwa kishikio cha funguo, hapana.

Kuchimba kweli kunadai subira. Kila mpito mmoja wa mwale, ambao mafundi tunauita pasi, huondoa sehemu ndogo mno ya milimita, na jina fupi la kina cha robo milimita linaweza kukuchukua pasi nyingi na dakika nyingi. Badilisha pembe ya mistari katika kila pasi, la sivyo utalima matuta. Kila baada ya pasi kadhaa pitisha mwale mwepesi wa haraka ili kufagia masizi, na ushushe kichwa kidogo kufuata sakafu ya shimo inayokwenda chini.

Alumini tupu hurudisha mwanga mwingi, inakimbiza joto, na juu yake ina oksidi ngumu. Metali inayeyuka kwa nyuzi 660, oksidi yake kwa zaidi ya nyuzi 2,000. Hutoa alama ya kijivu inayopauka, na mwenye kutaka weusi juu yake ataumia. Iliyo rahisi ni alumini ambayo kiwandani ilipitishiwa umeme ndani ya asidi mpaka ikaota ngozi nene yenye vitundu, vikajazwa rangi na kuzibwa. Vibao vya majina, kadi za biashara za metali na karabina za funguo mara nyingi ni za aina hii. Mwale huiua rangi iliyo ndani ya vitundu, na alama nyeupe hutokea mara moja, tena kwa aina zote tatu za leza. Mwenye mtaji mdogo na dayodi ya buluu aanzie hapa, pamoja na chupa za maji zilizopakwa rangi, ambazo mwale hubambua tu rangi na kuifunua stenlesi. Kipato cha kwanza hupatikana hapo.

Shaba ya manjano ninaipenda kuliko zote, na ndiyo inayokuja na kazi nzito zaidi za moyo. Hapa Pwani mtu anaweza kuja na dele la kahawa la nyanya yake.

"Mwanangu, niandikie jina la marehemu hapa tumboni."

"Bibi, dele hili lilikuwa la nani kabla yake?"

Muulize hivyo kwa sababu huenda kuna nakshi ya mkono ambayo imefifia na wewe unakaribia kuipitia. Kisha tazama umbo. Mwale umekusanyika kwa kina cha milimita moja au mbili tu, na tumbo la dele limeviringika. Ukiandika jina refu bapa juu yake, herufi za katikati zitakuwa kali na za pembeni zitapotea. Ama uandike jina fupi kwa herufi ndogo mahali palipo bapa zaidi, ama dele lizungushwe taratibu chini ya mwale kwa kifaa cha kuzungushia, huku ukichora ukanda mwembamba baada ya ukanda. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na zinki huchemka kwa nyuzi 907, kabla shaba tupu haijayeyuka kwa nyuzi 1,085. Kwa hiyo wakati wa kuchora utaona moshi mweupe na masizi meusi kando ya herufi. Masizi yanafutika. Metali iliyoondoka hairudi, na bibi lazima aambiwe hivyo kabla ya mashine kuwashwa.

Kwa dhahabu na fedha nitasema machache. Fedha hurudisha karibu mwanga wote wa aina hizi tatu, hivyo inahitaji mapigo yenye nguvu na kilohezi chache. Pete iliyochovywa tu katika dhahabu itatobolewa mpaka shaba iliyo chini ionekane, basi jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Na ukichimba dhahabu halisi unaondoa mali ya mtu, hata kama ni vumbi. Mwambie mwenyewe, na mkubaliane kina gani kinatosha.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kuliko mlivyonisikiliza mpaka hapa. Mwanga wa nanomita 1,064 hauonekani. Jicho halitafumba, kwa sababu halijui kama limepigwa. Na mwanga wowote wa kati ya nanomita 400 na 1,400 hupita moja kwa moja hadi ndani ya jicho, ambako lenzi ya jicho huukusanya juu ya retina. Retina iliyoungua haioti tena. Mashine ya wazi ya kuchorea iko katika daraja la 4, la hatari zaidi, na hatari hiyo haiko kwenye mwale unaoshuka tu. Mwale uliorudi kutoka kwenye mgongo wa kijiko unatosha. Miwani ya kinga lazima iandikwe urefu wa wimbi inaouzuia pamoja na herufi OD na namba. OD 6 maana yake inapitisha sehemu moja tu ya milioni. Miwani ya leza ya buluu haikulindi na faiba, na ile ya plastiki isiyo na maandishi yoyote, inayotupwa bure ndani ya kasha, ichukulieni kama haipo. Bora kuliko miwani ni mashine iliyofungwa ndani ya sanduku lenye dirisha la kioo cha kinga na swichi inayozima mwale mlango ukifunguliwa. Ninasisitiza hivi kwa sababu najua maduka yetu yalivyo: kaunta nyembamba, mteja ameinama na simu yake anarekodi, mtoto wake kidevu kiko juu ya meza, sawa kabisa na urefu wa kibati. Wewe una miwani. Wao hawana. Usiwashe.

Moshi ni adui wa pili. Stenlesi hutoa chembe za nikeli na kromiamu, zikiwemo aina za kromiamu zinazosababisha saratani. Bati lililopakwa zinki huleta homa ambayo mafundi wa kuchomelea wanaifahamu vizuri, ya kutetemeka usiku na kuamka umechoka, na maziwa wanayokunywa hayayasafishi mapafu. Moshi wa kadimiamu, inayopakwa juu ya baadhi ya bolti, unaweza kuua, na shaba iliyochanganywa na beriliamu huharibu mapafu kwa miaka. Usiyemjua mzazi wake usimchore: kama huwezi kutambua kilichopakwa juu ya metali, irudishe. Stika na ngozi bandia za plastiki ya PVC hutoa gesi ya asidi inayokula kifua na kutia kutu reli za mashine. Bomba la kuvuta moshi liwe karibu kabisa na alama, na liishie kwenye chujio la chembe ndogo na mkaa, au nje mahali ambapo hakuna dirisha la jirani. Vumbi la alumini na la titani huwaka. Lisiachwe likajaa ndani ya kivuta moshi, wala lisichanganywe na vumbi la chuma chenye kutu, kwani mchanganyiko huo ndio wanaoutumia wanaounganisha reli kwa moto.

Nimebakiza jambo la herufi, na kwa watu wa Pwani ni jambo kubwa. Pete na vidani vingi huombwa jina kwa herufi za Kiarabu. Programu kadhaa za kuchorea hazijui kuunganisha herufi hizo; huziandika moja moja, mara nyingine kinyume, kutoka kushoto. Anayesoma Kiarabu ataona upuuzi, na asiyesoma hataona kosa lolote, naye ndiye aliyeshika mashine. Andika jina hilo katika programu inayoijua hati hiyo, kwa mfano Inkscape, ambayo ni ya bure, kisha ligeuze kuwa mchoro wa mistari kabla ya kulihamishia kwenye mashine. Angalia nukta. Kwa herufi za urefu wa milimita 2, nukta mbili za herufi te zinaweza kuungana zikaonekana moja, na herufi ikasomeka nuni. Zitenganishe kwa mkono, na upunguze joto hapo. Halafu chapisha jina kwenye karatasi kwa ukubwa uleule wa pete, mpe mwenye pete alisome kwa sauti, atie sahihi. Karatasi hiyo ibandike kwenye daftari la kazi, na kando yake uandike metali, lenzi, mwendo, nguvu, kilohezi na nafasi ya mistari, ili ndugu yake akija na pete ya pili uanzie pale ulipoishia.